Kaka yuko misheni nje ya nchi, mimi silali nachungulia simu: naumwa au ni kawaida?

"Kaka yangu ni mwanajeshi, ana miezi minne sasa yuko nje kwenye misheni ya kulinda amani. Tumezaliwa wawili tu. Tangu aondoke silali vizuri, naamka saa nane, saa tisa usiku naangalia WhatsApp alionekana lini mara ya mwisho, meseji yangu ikikaa na tiki moja siku mbili kichwani nakuwa nimeshamzika. Nasoma kila habari ya kule. Mama ana presha kwahiyo akiniuliza namwambia nimeongea naye yuko poa hata kama sijaongea naye. Wifi ndo anapigiwa kwanza, mimi nasikia baadaye, na najiona sina haki ya kulalamika maana yeye ndo mke. Kingine, kabla hajaondoka tuligombana vibaya, nilimwambia anakimbia majukumu ananiachia mama peke yangu, hatujaligusia tena. Watu wananiambia nijikaze, wenzangu ndugu zao wako vitani kabisa. Je hii ni kawaida au naumwa? Na nimuombe msamaha sasa hivi au nisubiri arudi?"

Pole sana mdogo wangu. Nikujibu la kwanza haraka ili usiendelee kusoma roho ikiwa juu: hofu uliyonayo ni ya kawaida kabisa kwa mtu ambaye ndugu yake yuko sehemu yenye hatari, wala haimaanishi umepata ugonjwa. Kinachonipa wasiwasi mimi ni yale unayoyafanya ili hofu ipungue, yaani kuamka kuchungulia simu, kusoma kila habari, na kumtungia mama stori. Yote umeyaanza kwa nia nzuri, na yote matatu ndo yanailisha hiyo hofu inazidi kunenepa.

Ila kwanza tuondoe hilo la "jikaze", maana najua umeshalijaribu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wakae wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia kichwani wagonge kengele. Wakawa wanagonga tu. Na baadaye walipoambiwa sasa ruksa mfikirieni, wale waliokatazwa mwanzoni walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa kabisa. Sasa wewe ukijikataza kumuwaza kaka yako, akili lazima iwe inakagua kila saa je namuwaza? na hapo tayari unamuwaza. Kwahiyo ukijikaza ukashindwa usijione dhaifu, ushauri wenyewe ndo mbovu. Na hiyo ya kulinganisha na wenzako wenye ndugu vitani haisaidii mtu yeyote, hofu yako haipungui kwa sababu kuna mwenye hofu kubwa zaidi.

Kuna mtaalamu wa familia, Pauline Boss, yeye kwenye miaka ya 1970 alifanya kazi na familia za wanajeshi wa Marekani waliopotea vita ya Vietnam, watu ambao hawajulikani wako hai au wamekufa. Alichokiona ni kwamba mtu akiwa hayupo kwa mwili lakini yupo tele kichwani, familia inakwama katikati: kulia kama waliofiwa hawawezi maana hajafa, kutulia hawawezi maana hayupo mezani. Hali yako ni nyepesi kuliko hiyo, unajua kaka yuko wapi na kuna siku ya kurudi, ila mkwamo ni wa aina ileile. Na kitu anachokisisitiza ambacho mimi nakikubali sana ni kwamba tatizo liko kwenye hiyo hali yenyewe, haliko kwako, na dawa yake si kupata uhakika (huo hautaupata mpaka ashuke kwenye ndege), ni kujizoesha kubeba mawazo mawili kwa pamoja bila kulifukuza hata moja. Kwamba yuko mbali na hatari ipo. Na kwamba muda huu uwezekano mkubwa mno ni kuwa yuko mzima, anafua soksi au anabishana mpira na wenzake.

Sitakudanganya kwamba hatari haipo. Tangu Umoja wa Mataifa uanze kupeleka walinda amani mwaka 1948 wamekufa zaidi ya 4,000. Lakini waliowahi kuhudumu humo ni zaidi ya milioni 2, na kwenye hao waliokufa, magonjwa na ajali kwa pamoja vimechukua wengi kuliko mashambulizi. Sikupi hizi namba ili useme basi poa, hazitakutuliza saa tisa usiku najua. Nakupa kwa sababu akili yako inacheza filamu moja tu, ya risasi, na inaicheza kama ndo kitu kinachotokea kila siku, wakati maisha ya kambini kwa sehemu kubwa ni doria, lindo, foleni ya chakula na kuchoka kwa kukaa bila kazi.

Sasa tuje kwenye simu, maana hapa ndo penye kazi. Angalia kinachotokea. Saa nane unashtuka, moyo unadunda, mkono unaenda kwenye simu. Ukikuta alionekana saa tano usiku unashusha pumzi unalala. Hapo ubongo umejifunza kitu: kuamka + simu = nafuu. Kesho utakuamsha tena ukachukue nafuu yako. Siku ukikuta hajaonekana hulali, unachek baada ya dakika kumi, unachek tena. Na hii ya siku moja unapata siku nyingine hupati ndo mbaya zaidi. Mwanasaikolojia wa Marekani B.F. Skinner alikuwa anafanya majaribio na njiwa, na ilionekana kwamba wale wanaopata punje mara mojamoja bila mpangilio huendelea kudonoa kitufe kwa muda mrefu sana hata punje zikikatwa kabisa, kuliko wale waliozoea kupata kila wakidonoa. Kwahiyo hii tabia inajijenga hata kama akili zako timamu zinakwambia haina maana. Ni kama kujikuna upele, unapata raha ya sekunde mbili na kidonda kinazidi kuchimbika.

Halafu hiyo tiki moja unaisoma vibaya. Tiki moja maana yake meseji haijafika kwenye simu yake, basi. Simu imezimwa, haina chaji, haina data, netiweki ya kule imekata, au simu zimekusanywa wakati wa zoezi, au yuko doria siku tatu sehemu ambayo hata redio inashika kwa shida, au yuko lindo. Majeshi yana sababu nzuri ya kubana simu: mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilikuwa inaonyesha njia ambazo wanajeshi wanakimbilia ndani ya kambi zao, kambi nyingine hazikutakiwa hata kujulikana zilipo. Na ngoja nikwambie na upande wa pili, bora uusikie kwangu kuliko uokote mtandaoni. Baadhi ya majeshi, likiwemo la Marekani, mtu akiumia sana au akifa hukata mawasiliano ya kambi nzima mpaka familia ya huyo mtu ijulishwe rasmi. Ina maana kimya kikubwa kinaweza kweli kuwa na tukio nyuma yake, lakini hata hapo waliokaa kimya ni mamia na walioguswa ni mmoja au wawili, na kaka yako kwa hesabu hiyo ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa mmoja wa wanaosubiri mtandao urudi. Habari mbaya ina njia yake. Majeshi mengi huwa na utaratibu wa kumfuata yule ndugu aliyeandikwa kwenye fomu, mara nyingi wanatumwa watu kabisa wanafika mlangoni. WhatsApp haiko kwenye utaratibu huo.

Kitu cha kufanya leo, na nataka ukifanye kabla hujalala. Kwenye simu yako kuna sehemu ya "usisumbue". Iwashe usiku, kisha ingia kwenye ruhusa zake uweke namba tatu tu ambazo zinaweza kulia hata ikiwa imewashwa: ya kaka, ya wifi na ya mama. Zipe mlio wake wa tofauti. Hapo umeshaondoa hoja ya "je akinipigia nisisikie?" maana utasikia. Halafu simu ichajiwe mbali na kitanda, upande ule wa chumba ambao lazima usimame kuifikia, na chati yake uifiche isikae juu kabisa, ili kuangalia alionekana lini iwe ni safari na si kidole tu kinajiendea. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu itakuwa mbaya kuliko sasa. Nakwambia mapema usije ukasema mbinu imeshindwa, ubongo ukinyimwa nafuu uliyozoea lazima upige kelele kwanza ndo unyamaze. Wengi huanza kuona tofauti ndani ya wiki moja au mbili. Ukishtuka ukakaa kama dakika ishirini usingizi haurudi, toka kitandani, taa hafifu, fanya kitu cha kuboa kabisa, kunja nguo, soma kitu kikavu, ukisikia macho mazito ndo urudi. Na pumua ukiwa unatoa hewa polepole kuliko ulivyoingiza, hesabu nne kuingiza sita kutoa, dakika chache tu, pumzi ikitulia hivyo na mwili nao huanza kutulia.

Habari nazo. Najua unajiambia ukisoma kila kitu unakuwa umejiandaa, ila hujiandai na chochote. Baada ya yale mabomu kwenye mbio za Boston, Marekani, mwaka 2013 watafiti walifuatilia maelfu ya watu, na matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha kuwa walioangalia habari za tukio kwa masaa sita na zaidi kwa siku, wiki ile iliyofuata, walikuwa na dalili nyingi za mshtuko kuliko hata watu waliokuwa pale pale kwenye mbio. Soma ukweli huo mara mbili. Chagua chanzo kimoja unachokiamini, mara moja kwa siku, mchana, dakika kumi na tano, na magrupu yanayorusha video za mapigano toka kabisa, humo nyingi huwa ni za zamani au si za huko. Na hofu yenyewe ipe muda wake, mfano saa kumi na moja jioni dakika ishirini, unakaa na karatasi unaandika kila kinachokutisha bila kujizuia, muda ukiisha unafunga. Wazo likija saa tatu asubuhi unaliambia nitakukuta jioni. Linaonekana jambo la kitoto lakini ni mbinu imejaribiwa na inasaidia wengi, na inafanya kazi kwa sababu hulikatazi wazo, unaliahirisha tu.

Tuje kwa mama. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Unamdanganya kwa upendo, sawa, ila angalia uongo huu unakugharimu nini: wewe ndo umekuwa mtu pekee kwenye hiyo nyumba anayejua kwamba hakuna habari, kwahiyo hofu ya watu wawili unaibeba peke yako, na juu yake una hofu ya tatu ya kukamatwa. Siku mama akimpigia wifi akaambiwa "hata sisi hatujamsikia wiki nzima", neno lako la "yuko poa" limekufa, na hata siku yuko poa kweli hataliamini. Na mara nyingi akina mama wanajua, wanaona unavyoishika simu, wananyamaza kwa kukuonea huruma wewe. Presha ya mama inatunzwa kwa dawa, vipimo na kwenda kliniki kwa wakati, haitunzwi kwa stori. Kama moyo wake una tatizo kubwa, ongea na daktari wake akushauri habari nzito apewe vipi na nani awepo.

Je umkirie yote ya nyuma, au uache tu kuanzia leo? Watu wanatofautiana hapa. Kuacha kimyakimya ni rahisi na hakuleti machozi. Mimi naegemea kumwambia, ila kwa sentensi moja, mchana, siku ambayo kaka amepiga kweli na mna habari njema mkononi: "Mama, kuna siku nilikwambia nimeongea naye kumbe sijaongea, niliogopa presha yako, kuanzia sasa nitakwambia kama ilivyo." Baada ya hapo jibu lako likiwa hakuna habari liwe hivi: "Sijamsikia tangu Jumanne. Jumanne alikuwa mzima. Nikisikia chochote nakwambia saa hiyohiyo." Hakuna uongo humo na hakuna kutisha humo.

Wifi. Suala la haki liache, una haki ya kuumia, ndugu wa damu huwa mnasahaulika kabisa kwenye haya mambo, fomu zinaandika mke, salamu za pole zinaenda kwa wazazi, na wewe uliyelala naye chumba kimoja utoto wote unaulizwa "mama anaendeleaje?". Lakini kuumia na kumshindania wifi ni vitu viwili. Kaka ana dakika saba za mtandao, atampigia mkewe, hata wewe ungefanya hivyo. Muulize wifi mambo mawili tu, kwa upole, ana kwa ana kama inawezekana: kwenye fomu ameandikwa nani, na ikitokea taarifa rasmi nani atanipigia mimi. Halafu muombe akimaliza kuongea naye arushe meseji fupi kwenye grupu la familia, "kaongea, mzima", maneno mawili hayo hayamchoshi, maana naye akianza kusimulia simu nzima kwa kila mtu anachoka anaacha. Na wewe na kaka muwe na kanjia kenu, labda sauti ya dakika moja kila baada ya wiki mbili, akiweza. Mkubaliane pia kimya cha kawaida ni siku ngapi. Akikwambia "siku kumi usishtuke", siku ya nne utakuwa na kitu cha kushika.

Hapo hapo niseme la pembeni: usiandike mtandaoni kikosi chake, alipo wala siku ya kurudi, na mtu yeyote akikutumia meseji namba ngeni akisema ni kaka yako au ni kamanda wake na anahitaji pesa haraka, huyo ni tapeli mpaka sauti ya kaka ithibitishe vinginevyo. Wanajua familia za wanajeshi huwa roho juu, ndo maana wanazilenga.

Ugomvi sasa. Muombe msamaha sasa, usisubiri. Si kwa sababu huenda asirudi, hiyo ni ile filamu inaongea. Ni kwa sababu nusu ya hiki kinachokuamsha usiku ni lile neno, unaamka kama mlinzi wa mtu uliyemkosea, kana kwamba ukilala ndo utakuwa umemtupa kweli. Kukesha kwako hakumlindi mdogo wangu, wala kulala kwako hakumdhuru. Ila tenganisha vitu: neno "unakimbia" liombee msamaha, mzigo wa mama usiuombee msamaha, huo ni kweli upo na ni kweli umekulalia wewe. Huo mtauongea akirudi, na si wiki ya kwanza, mwache kwanza azoee kulala bila viatu mlangoni. Kwa sasa andika fupi kitu kama: "Kaka, lile neno nililokwambia kabla hujaondoka halikuwa sawa, nilikuwa na hasira na naogopa. Samahani. Huna haja ya kujibu hili. Mama mzima." Usiandike ukurasa mzima wa majuto saa nane usiku, ataisoma dakika tano kabla ya kwenda lindo na ataenda nayo kichwani. Na akijibu kwa dole gumba tu, lichukue, wanaume wengi wakiwa kule hilo dole ndo barua yenyewe.

Mwisho, lini utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Kama ukijaribu hiyo ya simu na habari kwa wiki mbili tatu na bado usingizi ni masaa matatu manne, au kazi imeanza kukushinda, huli, huna hamu ya chochote, umeanza kutumia pombe au vidonge vya usingizi vya kuokota ili ulale, nenda kwa mwanasaikolojia au mshauri nasaha, na kama hujui pa kuanzia anza na daktari wa kawaida atakuelekeza. Ukipata mapigo ya moyo kwenda mbio na kifua kubana ghafla, kwanza upimwe moyo, usijiambie tu ni mawazo. Na yakija mawazo ya kufa au kujidhuru hiyo si ya kusubiri wiki, ni siku hiyohiyo, hospitali iliyo karibu, na umwambie mtu mmoja aende na wewe. Vikosi vingi vina ofisi ya ustawi wa familia au kiongozi wa dini wa jeshi, muulize wifi namba yake, ndugu pia mnaruhusiwa kuuliza, mbaya zaidi watakwambia hapana. Ukienda kwa mshauri usianze na "nina stresi", utapewa ushauri wa jumla jumla. Mwambie unaamka mara ngapi, unaangalia nini kwenye simu, unarudi kulala baada ya muda gani, na mwambie kuhusu lile neno. Aanzie hapo.